Desemba, na maombi ya timu yetu ipigwe

Desemba ikifika, shabiki wa timu inayojijenga upya ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, huacha kusoma msimamo wa ligi kutoka juu, akaanza kuusoma kutoka chini. Timu ina ushindi mara mbili au tatu, mechi zimebaki nne, mtoano ulishapita mbali. Hapo ndipo swali linaporudi, kila mwaka: tuombe tupigwe zote zilizobaki, ili tuchague wa kwanza kwenye drafti, siku klabu zinapogawana vijana wapya kwa zamu?

Aliyekulia kwenye soka la Tanzania au Kenya hawezi kulielewa swali hili mara moja. Kwetu timu inayoburuza mkia inashuka daraja, mdhamini anaondoka, wachezaji wazuri wanahama. Hakuna anayeomba hilo. NFL ni ligi iliyofungwa: timu 32, hakuna anayeshuka wala anayepanda, na aliyefanya vibaya kuliko wote ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kuchagua kijana kutoka vyuo vikuu. Kwa hiyo wanaoomba kipigo si wasaliti. Wameiona hesabu, nayo ni hesabu ya kweli.

Msimamo wangu ni kwamba hesabu hiyo wengi wanaifanya nusu. Ofisi ya klabu ina haki ya kubomoa kikosi ili kukijenga upya. Lakini siku ya mechi, anayeomba kipigo kwa kawaida anaomba kitu chenye thamani ndogo kuliko anavyodhani. Ipo hali moja tu ninayoikubali, na nitaifikia.

Kwanza utaratibu wenyewe. Drafti ina raundi 7. Timu 18 zilizokosa mtoano hupangwa kuanzia yenye rekodi mbaya zaidi, na nafasi ya 19 hadi ya 32 huenda kwa zilizoingia mtoano, kufuatana na hatua ambayo kila moja ilitolewa. Timu mbili zikifungana kwa rekodi, huangaliwa asilimia ya ushindi ya wapinzani wao wa msimu mzima. Aliyekuwa na ratiba nyepesi ndiye anayechagua mapema, kwa kuwa kupigwa na timu dhaifu ni dalili ya udhaifu mkubwa zaidi. Bahati nasibu haipo. Kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu, kuanzia drafti ya 2019 timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja kupata chaguo la kwanza, kwa hiyo kuwa wa mwisho kabisa hakukupi uhakika. NFL inakupa uhakika huo, na ndiyo maana ushindi mmoja wa mwisho wa msimu huuma.

Unauma kiasi gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la alama za kila nafasi, ili wakibadilishana machaguo na timu nyingine wajue nani anamzidi mwenzake. Chaguo la kwanza lina alama 3,000, la pili 2,600, la tatu 2,200, la tano 1,700, la tisa 1,350, la kumi 1,300. Siku hizi klabu nyingi zina majedwali yao mapya, lakini sura ya mteremko bado inafundisha. Kutoka la kwanza hadi la pili unapoteza alama 400, ambazo kwenye jedwali hilohilo ni sawa na chaguo la 50. Kutoka la tisa hadi la kumi unapoteza 50, ambazo ni chaguo la raundi ya nne. Kwa hiyo shabiki wa timu yenye ushindi mara tano anayekasirika kwa sababu imepata ushindi wa sita, anakasirikia mchezaji wa raundi ya nne. Uzito wote uko kileleni, kwenye nafasi mbili au tatu za mwanzo.

Kileleni huko kulipata thamani zaidi mwaka 2011. Kabla ya hapo kijana aliyechaguliwa wa kwanza alilipwa kama bingwa kabla hajarusha mpira: Sam Bradford, kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) wa 2010, alisaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa za uhakika. Makubaliano mapya ya kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji yakaweka viwango, na mwaka uliofuata Cam Newton akasaini miaka minne kwa dola milioni 22 hivi. Sasa kwotabeki mzuri wa raundi ya kwanza ni wa bei nafuu kwa miaka minne, na klabu ina hiari ya kuongeza wa tano. Ukomo wa mishahara ya kikosi kizima ulikuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024. Anayemlipa kwotabeki kidogo anabakiwa na pesa za kununua ukuta wa kumlinda na watu wa kumdakia. Hili ndilo wanaoomba kipigo wanalitamani, na sina ugomvi nalo.

Tatizo ni kwamba zawadi hiyo haiko dukani kila mwaka. Mwaka 2013 kwotabeki aliyechaguliwa mapema kuliko wote alikuwa EJ Manuel, nafasi ya 16. Mwaka 2022 alikuwa Kenny Pickett, nafasi ya 20. Aliyeomba vipigo katika misimu iliyotangulia drafti hizo aliomba beki wa mbele au mtu wa ukuta. Hao ni muhimu, lakini hawageuzi timu peke yao. Kabla ya kuomba chochote, tazama kwanza vyuoni kuna nani. Na kumbuka, kati ya makwotabeki waliokuja kung'ara, Patrick Mahomes alikuwa wa 10, Josh Allen wa 7, Lamar Jackson wa 32, Jalen Hurts wa 53. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walipopima machaguo haya dhidi ya mishahara, walikuta klabu zinayathamini mno ya juu kabisa, kwa kuwa zinajiamini kupita kiasi katika kutabiri nani atafaulu.

Mechi inayoeleza yote haya kwangu ni ya Januari 8, 2023, Houston Texans ugenini kwa Indianapolis Colts. Texans walikuwa na ushindi mara mbili. Wakipigwa, chaguo la kwanza ni lao. Wakishinda, linakwenda kwa Chicago Bears. Sekunde zikiwa hazijafika hata 60, wako nyuma kwa alama saba, ni jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, na yadi 20 za kufikisha. Davis Mills akarusha mpira mrefu, Jordan Akins akaudaka kwa tachidauni, bao la alama sita. Badala ya kupiga teke la alama moja ili wasawazishe, kocha Lovie Smith akaamua kutafuta alama mbili, na Akins akadaka tena. Ikawa 32-31. Mashabiki wengi wa Houston walihuzunika kwa ushindi, na Smith alifukuzwa kazi usiku huohuo.

Fuatilia kilichotokea. Bears waliuza chaguo la kwanza kwa Carolina Panthers, nao Panthers wakamchagua kwotabeki Bryce Young. Texans, nafasi ya pili, wakamchukua kwotabeki C.J. Stroud. Kisha wakapanda hadi nafasi ya tatu wakamchukua mlinzi Will Anderson Jr., na sehemu ya malipo ya kupanda huko ilikuwa chaguo la 12, walilolipata kwa kumuuza kwotabeki wao Deshaun Watson kwa Cleveland. Stroud akawa kijana bora wa mashambulizi wa msimu, Anderson wa ulinzi. Texans wakamaliza 10-7, yaani ushindi mara 10 na vipigo 7, na kuipiga Cleveland 45-14 kwenye mtoano. Panthers, waliomlipia yule wa kwanza, walishinda mechi mbili tu kati ya 17.

Sisemi ushindi ule ndio uliowaletea Stroud kama tunda la haki. Ninachosema ni kwamba shabiki aliyekuwa sebuleni siku ile hakuwa na njia ya kujua kipi kilikuwa hasara na kipi faida, wakati kilichokuwa mbele ya macho yake ni wachezaji wake wakifanya jambo gumu sana chini ya shinikizo.

Upande wa pili upo, na lazima usemwe. New York Jets mwaka 2020 walipigwa mechi 13 mfululizo, kisha wakawafunga Rams 23-20 na Browns 23-16. Jaguars wakamaliza wakiwa wa mwisho, wakamchukua kwotabeki Trevor Lawrence. Jets wakamchukua kwotabeki Zach Wilson wa pili, na hakufaulu. Hasara ni ya kweli. Lakini soma majina yaliyofuata baada ya Wilson: kati ya nafasi ya tano na ya saba walikuwepo Ja'Marr Chase, Jaylen Waddle na Penei Sewell. Jets walishuka nafasi moja; kilichowaumiza kwa miaka ni uamuzi wa nani wa kumchagua. Na kwa Lawrence mwenyewe, Jaguars walimaliza msimu wake wa kwanza 3-14 na kumfukuza kocha kabla haujaisha.

Watu husema "timu iachie mechi" kana kwamba timu ni mtu mmoja. Mchezaji haachii. Mikataba mingi ya NFL si ya uhakika hadi mwisho, na video ya kila mechi ndiyo barua yake ya kuombea kazi inayofuata. Kijana atakayechaguliwa Aprili huenda ndiye atakayemtoa kwenye kikosi. Kocha naye haachii, kwa sababu drafti ijayo huenda asiione.

Kubomoa halisi hufanyika ofisini. Miami Dolphins mwaka 2019 walimuuza Laremy Tunsil kwa Houston na kupata machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja la pili, kisha Minkah Fitzpatrick kwa Pittsburgh kwa jingine la raundi ya kwanza. Walifungwa 59-10 mechi ya kwanza na 43-0 ya pili. Kila mtu aliona lengo ni kwotabeki wa chuo, Tua Tagovailoa. Lakini wachezaji waliobaki walishinda mechi 5 kati ya 9 za mwisho, ikiwemo ya kuifunga New England ugenini 27-24. Wakachagua wa tano, na Tua bado alikuwepo. Rasilimali walizoendelea kuzitumia miaka iliyofuata zilitoka kwenye mauzo yale, hazikutoka kwenye vipigo.

Lipo jambo jingine ambalo jedwali la alama haliwezi kulionyesha. Ukibomoa mpaka chini kabisa, kwotabeki kijana anakuta ukuta umeshauzwa. David Carr, chaguo la kwanza la 2002, aliangushwa na mpira mkononi mara 76 katika msimu wake wa kwanza Houston, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla wala baada. Bryce Young aliangushwa mara 62 mwaka 2023. Madhara yake hayaishii kwenye mbavu. Kijana anayepigwa hivyo anaacha kuangalia wadakaji mbele na kuanza kuangalia wanaomkimbilia, miguu inapoteza mpangilio, mpira unatoka mapema au unachelewa. Tabia hizo zikishazoeleka, kuziondoa ni kazi ya miaka. Kwa hiyo ninapoitazama timu mbovu mwezi Desemba, macho yangu yako kwenye ukuta: vijana wawili au watatu watakaobaki mwakani wanazuia vizuri? Wanaelewa wanapohamishiwa mlinzi mwingine dakika ya mwisho? Hilo lina thamani kuliko kupanda kutoka nafasi ya sita hadi ya tano.

Na hesabu ya drafti ikionekana kuingia kwenye mechi yenyewe, uharibifu ni mkubwa. Januari 3, 2021, Philadelphia Eagles walikuwa nyuma kwa alama tatu tu robo ya nne ilipoanza, na kocha Doug Pederson akamtoa kwotabeki Jalen Hurts na kumwingiza wa akiba, Nate Sudfeld. Wakapigwa 20-14 na Washington, wakapanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 6, na Giants wakakosa mtoano. Siku chache baadaye Pederson aliondolewa. Ni kweli Eagles walifaidika, maana waliiuza nafasi ya 6 kwa Miami kwa chaguo la 12 na jingine la raundi ya kwanza la 2022. Hata hivyo sitaki timu yangu ipate chochote kwa njia hiyo, mbele ya wachezaji waliokuwa wanavuja jasho ili washinde.

Sasa hali ninayoikubali. Ni wiki mbili za mwisho. Kinachogombaniwa ni nafasi ya kwanza dhidi ya ya pili, si ya saba dhidi ya ya nane. Kwotabeki uliyenaye hana mustakabali. Na vyuoni yupo mmoja anayewazidi wenzake waziwazi, kama Andrew Luck msimu wa 2011. Masharti yote manne yakitimia, tamaa ya kupigwa ina msingi. Hata hapo natamani kipigo cha alama moja, vijana wakiwa wamecheza vizuri. Mwaka ule Colts na Rams walimaliza wote 2-14, na ratiba nyepesi ya Colts ndiyo iliyowapa Luck.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho, ukiwa Afrika Mashariki na mechi za saa 3 usiku zinaanza, usikazie macho mechi ya timu yako tu. Fungua orodha ya wapinzani wako wa msimu mzima na ya yule mnayefungana naye. Kila mpinzani wako anayeshinda anakuongezea uzito wa ratiba na kukurudisha nyuma. Kila mpinzani wake anayeshinda anakusogeza mbele. Mpangilio huohuo ndio utakaotumika kugombea wachezaji walioachwa na klabu nyingine hadi wiki ya tatu ya msimu ujao. Waombee vipigo wapinzani wako hao, na timu yako uiache icheze.