Vipira Kwanza, Muziki Baadaye

Watu wanaoniomba ushauri wa kununua iafoni, vile vispika vidogo vya kuvaa masikioni, huanza kwa kuniuliza bei au jina la kampuni, nami huwauliza kama wamewahi kubadilisha vipira vya zile walizo nazo. Wengi hawajawahi. Vile vipira vya silikoni vya ziada, vidogo na vikubwa, hubaki ndani ya kifuko chao mpaka boksi linatupwa, na mwenye iafoni huendelea kulalamika kwamba besi ni hafifu na kwamba zinamdondoka kila akigeuza shingo. Nimetumia iafoni za kuingia ndani ya sikio kwa miaka mingi, nyumbani, kazini na zaidi ya yote ndani ya daladala za Dar es Salaam, na msimamo wangu ni kwamba karibu kila jema na kila baya la kifaa hiki linatokana na jinsi kinavyoliziba sikio.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kispika kilichomo ndani ya iafoni ni kidogo mno, hakiwezi kuitikisa hewa ya chumba kizima kama spika la sebuleni. Kinachoweza ni kukisukuma kile kiasi kidogo cha hewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio, katika mfereji ambao kwa mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 2.5. Hewa hiyo ikifungiwa sawasawa, mtikisiko mdogo unatosha kulifikisha gitaa la besi likiwa na uzito wake wote. Ikipata mwanya, sauti nzito ndizo za kwanza kupotea, na kinachobaki ni matoazi na sauti nyembamba zinazochoma. Ndiyo maana iafoni ya bei kubwa yenye kipira kisichokutosha hushindwa na ya machinga iliyokaa vizuri.

Masikio mawili ya mtu mmoja, tena, si lazima yalingane. La kwangu la kulia linataka kipira kikubwa kuliko la kushoto, na sioni aibu kuvaa vipira visivyofanana. Kujipima ni rahisi: weka wimbo ambao besi yake haikatiki, kisha ikandamize iafoni taratibu kwa kidole, besi ikinenepa ghafla, ujue kipira hakikuwa kimeziba. Asiyeridhika na silikoni anaweza kujaribu vipira vya sponji, ambavyo hubinywa kwa vidole, huingizwa huku mkono wa pili ukilivuta sikio juu na nyuma, kisha huachwa vitanuke vyenyewe vikiwa ndani. Hivyo huziba vizuri sana, ila joto na jasho la mji huu huvichakaza upesi, na uchafu vikishaunyonya hautoki.

Hedifoni zilizouzwa pamoja na Walkman ya Sony mwaka 1979 zilikuwa na sponji nyepesi zilizolala juu ya masikio, na zile iafoni nyeupe zilizokuja na iPod mwaka 2001 zilikaa kwenye kibakuli cha nje cha sikio bila kuziba chochote. Hata hivyo, tangu mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Illinois nchini Marekani, iliyoanzishwa na mhandisi wa mambo ya usikivu Mead Killion, ilikuwa imeshatoa iafoni za ER-4, zilizoingia ndani kabisa ya mfereji na kutumia kispika cha aina ileile inayotumika katika vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga dramu wa bendi ya Van Halen, iafoni za kuvaa jukwaani ili aweze kusikia muziki wa wenzake katikati ya makelele, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears. Ninachokipenda katika habari hizi mbili ni kwamba zote zinaanzia kwenye haja ya kusikia vizuri, wala si kusikia kwa nguvu.

Haja hiyo tunayo sana sisi abiria wa daladala. Konda anaita vituo huku akigonga bati, injini inanguruma chini ya miguu, honi hazikomi, na dereva naye ana redio yake. Mwenye iafoni zisizoziba hana budi kuupandisha muziki wake mpaka uyashinde hayo yote, na kwa kuwa unapanda kidogo kidogo, hatambui umefika wapi mpaka ashuke mahali penye utulivu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuyahatarisha masikio yake, lakini sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Tofauti ya desibeli 10 inaonekana ndogo kwa anayeisoma, ilhali nishati ya sauti huongezeka maradufu kwa kila desibeli 3. Kwa hiyo mimi hupanga kiwango cha sauti nikiwa bado chumbani, kabla sijatoka, na njiani sikiongezi. Vipira vikiwa vimekaa sawasawa, kiwango cha chumbani hutosha mpaka Kariakoo. Kisipotosha, huwa ninarekebisha kipira kwanza kabla ya kugusa kitufe. Asiyefanya hivyo, akaziba masikio na bado akapandisha sauti hadi mwisho, amejiweka pabaya kuliko yule wa iafoni za wazi, kwa sababu sauti yote inaishia ndani.

Kuziba kuna gharama zake. Ya kwanza ni kwamba mwili wako mwenyewe unaanza kupiga kelele: kila hatua inasikika kichwani kama mtu anatwanga jirani, kutafuna karanga hakuvumiliki, na ukizungumza unaisikia sauti yako nzito kana kwamba umeingia ndani ya mtungi. Waya nao, ukisuguana na kola ya shati, huleta mkwaruzo unaopanda hadi sikioni. Hilo hupungua sana ukiupitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma ya shingo.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya adabu. Katika mitaa yetu salamu si pambo, na mzee aliyeketi barazani hana namna ya kujua kama umemsikia au hukumsikia. Anachokiona ni kijana aliyepita bila kumwamkia. Iafoni za kisasa zisizo na waya zina mpangilio wa kupitisha sauti za nje kwa kutumia maikrofoni zake, na kwa masikio yangu mpangilio huo unafanya kazi vizuri, lakini mzee haoni mpangilio, anaona masikio yaliyozibwa. Kwa hiyo nikikaribia nyumbani huzitoa zote mbili na kutoa shikamoo zangu nikiwa na masikio matupu. Kutoa moja na kuiacha nyingine ikiendelea kuimba ni nusu ya heshima, na wazee wanajua kuhesabu.

Barabarani nina sheria nyingine. Nikitembea upande wa kulia, nikiyakabili magari, barabara huwa kushoto kwangu, hivyo sikio la kushoto ndilo linaloachwa wazi. Na nikitaka kuvuka ninazima muziki kabisa, kwa kuwa bodaboda hutokea upande wowote, hata ule usioruhusiwa. Anayesikiliza kwa sikio moja afungue mipangilio ya ufikivu kwenye simu yake na kuchagua mono, yaani sauti za kulia na kushoto zichanganywe ziwe moja. Bila hivyo atapoteza kila kilichowekwa upande wa pili wa rekodi, na katika muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo na la rithimu mara nyingi hutenganishwa kulia na kushoto, hiyo ni hasara ya nusu ya bendi.

Nyumbani usiku, mji ukiwa umetulia, ndipo kuziba kunapolipa. Mimi husikiliza taarabu ya Zanzibar yenye kundi kamili, kama ile ya Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, na ninaweza kuzifuata fidla zikijibizana na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, nikasikia kipigio cha mpiga udi kikigusa uzi kabla noti yenyewe haijafunguka. Spika la sebuleni halinipi vitu hivyo, kwa sababu feni na majirani huvimeza.

Kuhusu waya au bila waya sitasema mengi. Zisizo na waya ni nyepesi njiani, lakini betri zake ndogo huchoka kadiri miaka inavyopita na hazikutengenezwa ili zifunguliwe. Ya waya ikikatika karibu na pini, kama ilivyo kawaida yake, fundi wa simu hukata kipande kibovu, huchoma rangi inayofunika nyuzi nyembamba za ndani ili risasi ya kulehemu ipate kushika, kisha hufunga pini mpya, na unaondoka na muziki wako siku hiyohiyo.

Kabla ya kumlipa fundi, hata hivyo, chunguza kwanza upande uliofifia kwa tochi ya simu. Vua kipira uangalie kile kiwavu kidogo kwenye mdomo wa iafoni. Mara nyingi kimezibwa na nta ya sikio. Kielekeze chini ili uchafu usiingie ndani, ukisugue kwa mswaki laini mkavu, na vipira vyenyewe uvioshe kwa maji na sabuni na kuviacha vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Sikio lako liache kama lilivyo. Nta hutoka yenyewe, na kijiti cha pamba huisukuma ndani zaidi, mahali ambapo iafoni nayo ingemalizia kuishindilia.