Tulivyofika kwenye uamuzi wa kumwekea binti yetu mpira wa kulishia

Naandika hii nikimfikiria mzazi aliyekaa na kijiko mkononi saa hizi, mtoto kageuza kichwa, chakula kimepashwa mara mbili na kimepoa tena, na kila aliyepita nyumbani kaacha ushauri wake. Mimi nimekaa hapo mwaka mzima na zaidi. Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Alipofikisha miaka miwili na miezi miwili alikuwa na kilo 7.8, na miezi minane nyuma yake alikuwa na kilo 7.6. Yaani miezi minane, milo mitano kila siku, tumeongeza gramu 200 tu.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni ule wa "mtoto akisikia njaa atakula mwenyewe". Jamani, mtoto ambaye ulimi na koo havishirikiani anaweza kuwa na njaa kali na bado asiweze kumeza, tena anachoka kabla hajashiba na anaacha. Mwingine akaniambia nimbane pua, atafungua mdomo. Huyo sikumjibu. Wa tatu alinishauri nimlishe akiwa kwenye usingizi, na huu ndo nilioufuata, naomba nieleze vizuri ilivyokuwa maana najua kuna mtu anaufanya usiku wa leo.

Ilikuwa hivi. Saa nne usiku mtoto kashalala, nambeba, nambana kifuani, naweka chupa mdomoni, anaanza kunyonya macho yamefungwa. Hageuzi kichwa, halii, chupa inaisha! Mchana chupa hiyohiyo ingenichukua saa nzima. Nikaweka alamu, saa nne, saa saba, saa kumi alfajiri, kila siku chupa tatu. Nilikuwa sina usingizi lakini nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, nikampigia mama mkwe nikamwambia mama tumepata dawa, mjukuu wako anamaliza chupa. Wiki ya kwanza hivyo. Siku ya kumi na moja akaamka na homa, ilipofika mchana anapumua haraka mpaka mbavu zinaingia ndani. Nimonia. Ya tatu mwaka ule. Nilichokuwa naona usiku ni chupa kuisha, sikuwa naona maziwa yanakwenda wapi.

Tukalazwa. Daktari wa watoto aliyetupokea hakunigombeza, aliniuliza tu mlo mmoja unachukua muda gani. Nikasema kama nusu saa. Baba yake akaniangalia akasema taratibu, "Mama watoto, siyo nusu saa." Daktari akasema haya, mkitoka hapa nendeni mkapime, muda na chakula kinachoingia, mje na namba.

Muda ni saa tu ya ukutani. Ila chakula kinachoingia unapimaje wakati nusu kinamwagika? Hapa nilipata njia ambayo mpaka leo najivunia. Nilichukua mizani ya jikoni, ile ya kidijitali, nikaweka juu yake sinia, na juu ya sinia nikaweka kila kitu kinachohusika na mlo: bakuli lenye chakula, kijiko, bibu, kitambaa cha kufutia mdomo. Nikaandika uzito wote kwa pamoja. Namlisha. Tukimaliza narudisha kila kitu kwenye sinia, bibu na uchafu wake, kitambaa na kilichotemwa, kijiko hakijaoshwa. Napima tena. Tofauti ndo iliyoingia kwenye mwili wa mtoto, hamna pengine inapoweza kuwa kama hujamwaga sakafuni (kikimwagika sakafuni unafuta kwa kitambaa hichohicho, usitumie kingine).

Mlo wa kwanza niliopima: chakula gramu 150, dakika 65. Bakuli lilikuwa tupu kabisa na mimi rohoni nilikuwa nimeridhika. Mizani ikasema gramu 31. Nikadhani imeharibika, nikapima tena. Nikachukua bibu peke yake, ile ya plastiki yenye mfuko mbele, nikaikung'uta kwenye bakuli, na nikaona chakula changu chote kimekaa mle. Nilikuwa nalisha bibu. Miezi yote ile nikiona bakuli tupu nasema leo amekula.

Tulipima siku tano. Baba yake anashika saa, mimi naandika. Jumla ya muda wa kulisha kwa siku ilikuwa saa nne na dakika arobaini, na siku moja ilifika saa tano. Tuliporudi daktari akasema kwa watoto kama wa kwetu, ukitumia zaidi ya saa tatu kwa siku kumlisha na uzito haupandi, hiyo ni mojawapo ya dalili za kuanza kuzungumzia mpira. Nawaambia ukweli, hakuna maneno ya mtu yeyote yaliyonishawishi kama kile kikaratasi nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kabla ya uamuzi tukapelekwa kwenye eksirei ya video ya kumeza. Mtoto anakaa kwenye kiti, anapewa chakula na kinywaji kilichochanganywa na dawa nyeupe, mashine inaonyesha kinavyopita. Kile kizito kidogo kikashuka vizuri, polepole lakini vizuri. Kile chepesi kama maji nikaona mstari mweupe unaingia njia ya hewa. Na binti yangu hakukohoa! Alikuwa anamtabasamia yule mtaalamu anayemshikia kijiko. Kumbe kuna watoto ambao kikiingia njia ya hewa hawakohoi kabisa, kwa hiyo ile "mbona hapaliwi" niliyokuwa najipa moyo nayo haikuwa na maana yoyote. Ukipewa nafasi ya kipimo hiki usikiache, maana ndo kilichotuambia kipi apewe kwa mdomo na kipi asipewe.

Tukaanza na mpira wa puani, ule unaopita puani na kushuka mpaka tumboni. Kukubali huo haikuwa ngumu, mtoto alikuwa amedhoofika na daktari alisema ni wa wiki kadhaa tuone kama anaongezeka. Kazi ilikuwa kukaa nao. Wiki ya kwanza aliung'oa mara nne, na kila kuurudisha ni kilio, mmoja anashika kichwa, mwingine anapima mpira kutoka ncha ya pua mpaka kwenye ndewe ya sikio halafu mpaka katikati ya mwisho wa mfupa wa kifua na kitovu. Tulichokuja kugundua ni kwamba mtoto anavuta kinachoning'inia mbele ya macho yake. Basi tukaanza kuubandika shavuni, tunaupitisha nyuma ya sikio, unashuka mgongoni ndani ya nguo, ncha ya kulishia inatokea chini kwenye kiuno. Chini ya plasta ya shavuni tunaweka kwanza ile plasta laini inayolinda ngozi, hiyo haibanduliwi kila siku. Baada ya hapo aling'oa mara moja tu kwa mwezi mzima.

Jambo moja la mpira wa puani naomba usilichukulie poa. Mtu wa kwanza kunifundisha alinionyesha kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni, ukisikia mlio basi uko mahali pake. Nesi mwingine aliponikuta nafanya hivyo alinizuia palepale. Mlio huo unaweza kuusikia hata mpira ukiwa umeingia kwenye mapafu. Akanifundisha kuvuta majimaji kidogo kutoka kwenye mpira na kuyagusisha kwenye karatasi ya kupima asidi, ikisoma 5.5 kushuka chini ni tumbo, ikizidi hapo hulishi, unasubiri, unapima tena, na ikigoma unarudi hospitali wakapige eksirei. Na mtoto anayetumia dawa za kupunguza asidi uwaambie mapema, maana zinapandisha hiyo namba.

Wiki ya sita ana kilo 8.7. Nililia pale kwenye mizani. Na hapohapo daktari akasema sasa tuzungumze, maana wa puani si wa kukaa nao miezi na miezi, kama anahitaji zaidi ya wiki kadhaa inabidi tufikirie wa tumboni.

Hapo ndo ugumu ulipoanza, nyumba nzima. Wa puani unatoka, wa tumboni ni oparesheni, ni tundu kwenye tumbo la mtoto. Mama mkwe alilia akasema mnamtoboa mtoto anayekula. Dada yangu akasema mkishamwekea atasahau mdomo. Mimi mwenyewe kichwani mwangu mpira wa tumboni ulikuwa kitu cha wazee waliofika mwisho. Usiku mmoja nikasoma kwamba njia hii ya kuuweka kwa kamera inayopitia mdomoni, hii wanayoiita PEG, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, na Michael Gauderer, daktari wa upasuaji wa watoto, pamoja na Jeffrey Ponsky, na mgonjwa wao alikuwa mtoto wa miezi minne na nusu. Ilianzia kwa mtoto! Nikamwamsha baba yake nikamsomea saa nane usiku.

Asubuhi tukaandika maswali kwenye daftari, na nashauri uende na maswali yameandikwa maana ukifika pale akili inahama. Je, unaweza kutolewa? Unaweza, na kwa wengi tundu linaziba lenyewe, kwa wachache linashonwa. Je, ataendelea kula kwa mdomo? Vile vilivyoonekana salama kwenye video, ndiyo, tena waliniambia niendelee ili asiuchukie mdomo wake. Je, nimonia zitaisha? Hapa daktari alikuwa mkweli, akasema si lazima, mate bado yanaweza kuingia, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni, kwa hiyo akilishwa awe amenyanyuliwa kichwa na kifua na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Jibu hilo ndo lilinifanya nimwamini, asingeniahidi kitu asichoweza.

Tukasaini.

Oparesheni yenyewe sina mengi ya kusema, ilikuwa fupi kuliko kusubiri kwetu nje. Maumivu yalikuwepo siku mbili tatu, alipewa dawa. Baadaye pembeni ya tundu paliota kinyama chekundu chenye unyevu kikawa kinatoa damu kidogo nikadhani kimeoza, kumbe ni kawaida kabisa, wanakitibu. Miezi michache mbele wakaweka ile fupi inayokaa juu ya ngozi, batani, ambayo ndani inashikiliwa na kipulizo, kama puto dogo, chenye maji. Maji hayo napima kila wiki. Kuna mara nilivuta nikakuta yamebaki kidogo sana, nikajua kipulizo kinavuja, na kweli kesho yake ilitoka nikimvalisha nguo. Nilikuwa na ya akiba kwenye mkoba. Tundu linaanza kujifunga ndani ya masaa tu, kwa hiyo ya akiba isikae kabatini, itembee na mtoto. Ila kama oparesheni bado ni mpya, wiki za mwanzo, usijaribu kurudisha mwenyewe, kimbia hospitali.

Kutapika kulitusumbua mwezi mzima mpaka nilipoelewa kwamba nilikuwa nasukuma kwa bomba la sindano. Sasa natoa kile cha kusukumia, namimina juu, chakula kinashuka chenyewe, nikiona kinakimbia nashusha mkono, nikiona kimesimama napandisha. Mkono wangu ndo koki. Na kabla ya kulisha naliacha wazi dakika chache hewa itoke, utasikia inavyotoka. Ukimaliza pitisha maji, na dawa ukishaziponda hakikisha zimeyeyuka kabisa, mpira ukiziba jaribu maji ya vuguvugu, sukuma vuta taratibu, usitumie nguvu.

Hela, sitadanganya, oparesheni ni mara moja lakini mabomba ya sindano, mipira ya kuunganishia na maziwa maalumu vinatoka kila mwezi, vipangieni bajeti mapema.

Mama mkwe hakushawishiwa na maneno yangu. Nilimpa tu bomba ashike siku moja nikiwa na haraka, mtoto yuko mapajani kwake. Dakika kumi na tano chakula kimeisha, mtoto anacheza na mkufu wake. Akauliza, "Ndo basi?" Nikamwambia ndo basi, mama. Sasa mlo wa saa kumi ni wake, hataki mtu mwingine aushike.

Leo ana kilo 11.2. Tukikaa mezani naye anakaa, anapewa kijiko kimoja, viwili, siku nyingine vitano vya kile laini anachokipenda, akigeuza kichwa naweka kijiko chini na tunaendelea na maongezi. Wiki ijayo tunabadilisha batani, nesi kasema safari hii naiweka mimi mwenyewe, yeye anaangalia tu.