Usiachie

Jana wale vijana wa chuma chakavu walipita tena na mkokoteni wao. Mama Neema, ambaye amekuwa akitafuta kisingizio tangu mwaka jana, akawaonyesha lile bomba lililoegemea ukuta wa nyuma, lenye vijiti vya alumini vilivyopinda. Wakalipima kwa macho, wakataja bei ya kuchekesha. Binti yetu mdogo akauliza lilikuwa la kazi gani. Nikamwambia ndilo lililokuwa linatuletea televisheni. Akalitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Kwa hiyo hiyo ndiyo dekoda ya zamani?"

Sikumjibu vizuri. Kwa mawazo nilikuwa nimeshapanda juu ya bati, mtaani Kirumba, Mwanza, kwa Baba Kulwa, jioni ile ya Mama Mdogo.

Televisheni ilikuwa mali ya Baba Kulwa mchana. Jioni ilikuwa ya mtaa. Ilikuwa na kichogo kirefu, nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa umeme haukuwa wa kuaminika iliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kwa michango ya watazamaji. Asiyechanga alikaa mlangoni. Nazungumzia miaka ya mwanzo ya 2000. Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, na ITV ikaanza kuonekana 1994. Kwa hiyo kwa muda mrefu televisheni kwetu ilikuwa Dar: foleni za Dar, mafuriko ya Jangwani, wasanii wa Dar. Tuliitazama kwa heshima, kama wageni waalikwa.

Halafu ikaja Star TV, na hii ilikuwa ya hapa hapa Mwanza, nyumba moja na Radio Free Africa, mwenyewe akiwa Anthony Diallo, mwanasiasa wa huku huku kwetu. Ghafla kuna mtu ndani ya kioo anataja Igoma, Buzuruga, Nyegezi, na ulimi haumkwami. Nakumbuka mara ya kwanza mtangazaji aliposema "hapa Mwanza". Mzee mmoja aliyekuwa amelala kwenye kiti aliamka akauliza nani kamwita.

Sasa, Mwanza ni mji wa mawe. Mawimbi ya televisheni yanataka kuonana na antena uso kwa uso, na jiwe likikaa katikati unapata mtu mmoja mwenye vichwa viwili, au chenga tupu. Nyumba ya Baba Kulwa ilikuwa chini kabisa ya mawe. Ndiyo maana palikuwa na cheo cha "mtu wa juu". Nilikishika mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi na bati lilikuwa limezeeka, basi.

Siku hiyo asubuhi mwandishi na mpiga picha walifika mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Mama Mdogo alikuwa anauza dagaa pale, amepanga sado zake, yale makopo ya kupimia, akaulizwa kuhusu bei na kuhusu wanunuzi wanaotoka Kongo na Kenya. Alijibu. Akaambiwa atazame habari usiku. Kufika saa kumi mtaa mzima ulikuwa na taarifa, na watu ambao hatukuwahi kuwaona wakichanga betri walichanga.

Magharibi nikapanda. Amri zilitoka sebuleni, zikapita kwa aliyesimama mlangoni, zikapita kwa aliyesimama uani, ndipo zikanifikia mimi. Hatukutumia kushoto na kulia, maana kushoto kwa nani? Tulitumia miji. "Peleka Bukoba!" Nageuza bomba taratibu kuelekea ng'ambo ya ziwa. "Umezidisha! Rudi Musoma!" Narudi Musoma. "Musoma kidogo tu, umefika Kenya!" Kule chini nasikia kundi zima linaguna, kisha linashangilia, kisha linaguna tena.

Picha ikatulia. Nikaachia bomba nishuke, zikaja chenga. Nikalishika, picha ikarudi. Fundi mmoja alinieleza baadaye kwamba mwili wa mtu nao unapokea mawimbi, kwa hiyo ukishika antena unakuwa sehemu yake. Wakati ule sikuhitaji maelezo. Nilihitaji kushuka.

"Usiachie!" ikatoka sebuleni.

"Usiachie!" ikasema mlango.

"Amesema usiachie," akasema wa uani, Doto, huku ananitazama kwa huruma kidogo. Halafu naye akaingia ndani.

Nikabaki peke yangu, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika ukingo wa bati ambalo bado lilikuwa na joto la mchana. Ziwa lote lilikuwa mbele yangu. Ulikuwa usiku usio na mwezi, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa inatoka. Karabai zilikuwa zinawashwa moja moja mpaka maji yakawa na mtaa wake wenye taa kuliko wetu. Upepo ukaleta vile vijidudu vya ziwani. Vikanijaa masikioni na puani, na sikuwa na mkono wa kuvifukuzia. Nilikuwa natema na kupuliza. Chini ya miguu yangu habari zilikuwa zinaendelea: waziri fulani amefungua kitu fulani, barabara, wizara, semina. Sijawahi kuchukia semina kama usiku ule.

Kisha nikasikia neno "mwaloni", na watu wote wakakatika sauti kwa pamoja.

Ikatoka sauti ya Mama Mdogo kupitia kwenye bati. Niliitambua, lakini ilikuwa imevaa nguo za kuazima. Mama Mdogo ninayemjua mimi anaanza sentensi kwa Kisukuma, anapita Kiswahili, anamalizia kwa kicheko. Huyu wa chini alikuwa anasema Kiswahili cha kwenye kitabu, polepole, kila neno limenyooka. Nilipata maneno mawili au matatu tu. Kisha sebule ikalipuka. Vigelegele, viti, mtoto analia, mtu anapiga ukuta. Nikainama nione kwa tundu la msumari, bomba likasogea, kelele ikageuka mara moja kuwa matusi. Nikalirudisha Bukoba. Nilipolipatia tena mahali pake, yalikuwa matangazo ya biashara.

Nilishuka bila kuambiwa. Sebuleni picha ilikuwa imerudi kwenye chenga na hakuna aliyejali. Kila mtu alikuwa anamsimulia mwenzake kitu walichokiona pamoja.

Yaliyofuata mnayajua. Kituo kikapanda setilaiti, na ndugu wa Mbeya na Dar wakaanza kutupigia simu eti wameiona Mwanza, sokoni kunaonekana, kumbe mna mawe mengi hivyo! Tulivimba vichwa. Televisheni za rangi zikaingia nyumba kwa nyumba na sebule ya Baba Kulwa ikapungua watu mpaka akabaki na wanawe. Ukaja uhamaji wa dijitali: Dar walizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, sisi tarehe 28 Februari 2013. Zamani kila kituo kilikuwa na mtambo wake wa kurusha. Sasa vituo vingi vinapita kwa pamoja katika masafa ya kampuni za kusambaza, na zilizopewa leseni hiyo mwanzoni zilikuwa tatu tu kwa nchi nzima. Ukiwa na king'amuzi unapata picha safi. Ukikosa mawimbi inaganda, au unaandikiwa hakuna. Chenga zimekwisha, na cheo changu nacho. Baba Kulwa alipohamia Misungwi aliniachia lile bomba, nadhani kwa dhihaka.

Mara nyingine huwaza kwamba kituo kikishaonekana nchi nzima hakiwezi tena kumsubiri muuza dagaa mmoja wa Kirumba amalize kupanga sado zake. Kina Kigoma, kina Lindi, kina Bunge. Ni haki yao, na mimi mwenyewe nataka kujua mambo ya Lindi. Lakini nikijiuliza ni lini tena mtaa mzima ulichangia betri ili kumwona mtu tunayekopa kwake, sina jibu, na sijui kama hilo ni kosa la kituo kukua au ni la sisi kila mmoja kununua televisheni yake.

Kilichobaki ni kwamba mimi sikuona. Mwaka juzi nilimwuliza Mama Mdogo anisimulie, nikijua angalau yeye atakuwa na picha nzima.

"Ng'wanawane," akasema, "mimi nilijifunika kanga usoni tangu waliponitaja. Aibu! Nilichungulia wakati wanapiga makofi."

"Sasa nani aliona?"

"Muulize Doto."

Doto anaapa kwamba Mama Mdogo alivaa gauni jekundu na alipendeza sana. Nikimkumbusha kwamba televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe, ananiambia mimi nilikuwa juu ya bati, nitajuaje. Kulwa anasema lilikuwa la kijani. Na kuhusu bei ya sado aliyoitaja, juzi msibani walibishana mpaka Mama Mdogo mwenyewe akaitwa kuamua, akataja bei ya tatu.