Siku Moja Maishani Mwangu: Bandari Inayoishia Nakonde

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Tunduma haijapungua simu inapoita. Ni dereva mmoja mtu mzima, ambaye lori lake limekwama ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, tangu jana. "Mwanangu, wanasema namba ya sili haifanani na ya kwenye karatasi." Sili ni kile kifungio chenye namba kwenye mlango wa kontena, kinachoonyesha kama limefunguliwa njiani. Kontena lake limebeba vipuri vya mgodi vya Kitwe, Zambia, na lilishushwa melini Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa.

Saa 2 asubuhi. Navuka kwa miguu hadi Nakonde, ambako ni saa 1, kwa kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangu marais wa nchi zetu walipozindua kituo cha pamoja Oktoba 2019, lori linalotoka Tanzania hukaguliwa upande wa Nakonde tu, na linaloingia hukaguliwa Tunduma, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Kwa wakala wa forodha kama mimi, hiyo ni nafuu kubwa.

Saa 3. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nafuta tope kwenye sili kwa kitambaa changu. Namba inaishia na 8. Karatasi inasema 3. Aliyeandaa nyaraka alikosea tarakimu moja. Ofisa wetu anaagiza marekebisho, na mwenzake wa Zambia, aliyeinama kando yake, anajionea kwamba sili haijaguswa, hivyo kontena halifunguliwi.

Mchana wote ni kusubiri marekebisho kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 kwa ajili ya bandari hiyo, gati zikaongezwa kina ili zipokee meli kubwa zaidi. Nalishukuru jambo hilo kwa dhati, lakini meli kubwa hushusha makontena mengi kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya mzigo wa Zambia na Kongo huja kwa barabara hii moja. Ndiyo maana naisubiri kwa hamu TAZARA, reli ya kilometa 1,860 inayopita papa hapa mpakani, ambayo Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua mjini Beijing, Septemba 2024. Kwa maoni yangu, reli hiyo ilipaswa kwenda sambamba na gati tangu mwanzo.

Saa 11 jioni. Marekebisho yamefika, mihuri imegongwa. Mzee anapanda, anarudisha saa yake ya mkononi nyuma kwa saa moja, kisha anawasha injini.