Kumbukumbu ya mradi: ngoma, kasida na mchezo usio na mwisho, Tana Delta

Haya, wale mlikuwa mnaniuliza huu mradi umefikia wapi, umefikia pazuri kiasi. Kwa wageni: mimi ni fundi wa simu na sola hapa Garsen, Kaunti ya Tana River, Kenya, muziki nafanya jioni na wikendi, na kikundi chetu kina vijana wa Kipokomo, wa Kiorma na Wawardei wachache (wafugaji kama Waorma), tunapiga ngoma, tunaimba na kuigiza kwenye vijiji vya delta, hivi hivi vilivyochomeana nyumba 2012. Mfadhili hakuna. Kuna michango yetu wenyewe na boda za marafiki, basi.

Wasiojua ya 2012 nayapitia haraka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huku. Riketa peke yake walikufa zaidi ya 50 asubuhi moja, wengi wanawake na watoto, halafu ikaja Kilelengwani, halafu Kipao, kisasi juu ya kisasi. Wala haikuwa mara ya kwanza, 2001 pia kulichafuka. Watu wa mbali wanasema tu wakulima na wafugaji, ni sawa, lakini ukikaa hapa unajua ugomvi wenyewe mara nyingi ni pa kupita. Mpokomo analima kando ya mto, mpunga, mahindi, ndizi, maembe, manake mto ukifurika ukarudi unaacha udongo mzuri. Muorma ana ng'ombe, na kiangazi kikikaza ng'ombe wanashuka delta kutoka mbali sana hata upande wa Garissa kwa sababu ndiko nyasi na maji yamebaki. Kufika mtoni lazima wapite mahali, hizo njia za kunyweshea tunaita malka, na malka ikilimwa ng'ombe atapita tu, kiu haisomi hatimiliki. Ongeza hapo siasa za uchaguzi na bunduki, umemaliza.

MWEZI WA TANO, NGOMA KWANZA

Mvua zilikuwa zimekata njia kwa hivo hakuna pa kwenda, tukakaa tukatengeneza ngoma. Kulikuwa na gogo la mwembe lililoletwa na mafuriko ya 2024, limekwama karibu na shamba la mjomba, kila mtu alikuwa analitazama kama kuni. Mzee mmoja wa Ngao aliyekuwa akichonga mitumbwi zamani akatuonyesha kazi, nje tezo, ndani patasi, na akasisitiza ukuta wa ndani usiwe mwembamba sana juu, pale mdomoni, manake ndipo ngozi inavuta na ndipo ngoma nyingi za vijana zinapasukia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika na kunyamaza.

Ngozi tuliitoa kwa Waorma. Na tafadhali msianze kuniletea mambo ya ishara, ngoma ya mkulima ngozi ya mfugaji sijui nini, ngozi tuliitoa kule kwa sababu ndiko ng'ombe waliko na bei ni ya kawaida. Tukailoweka, tukaiparua manyoya, tukaiwamba ikiwa mbichi na vigingi vya mti mgumu pembeni. Ikikauka inalia vizuri sana ila unyevu wa huku jioni unailegeza, kwa hivo kabla ya kupiga lazima uiweke karibu na moto kidogo. Ngoma ya pili ni ya ngozi ya mbuzi, nyepesi zaidi, sauti ya juu, hiyo ndiyo inaongoza.

MWEZI WA SITA, TUMEACHA NYIMBO ZA AMANI

Hili limeleta kelele kikundini lakini nalisimamia. Baada ya 2012 huku zilipita nyimbo za amani za kila aina, za semina, za fulana nyeupe, amani amani tupendane sote ni ndugu, watoto wa shule wamezikariri mpaka wanaimba wakiwa wanapigana mpira. Mtu aliyezika ukimwambia tupendane kwa spika anakuangalia tu. Anasubiri umalize agawiwe soda.

Kwa hivo tumesema kila mtu alete kilicho chao, kitu wanachoimba hata kusipokuwa na mgeni. Wapokomo wakaleta mwaribe, ngoma yao ya kucheza, hiyo ikipigwa hata mama mwenye goti bovu anasimama. Kijana wa Kiorma akaleta wimbo wa kusifu ng'ombe, anaimba peke yake bila chombo, mrefu, na sisi wengine hatuelewi neno lakini ukiona wazee wao wanavyotabasamu kila akitaja rangi ya ng'ombe unajua mambo yako sawa. Halafu kuna kasida za madrasa na matari. Kasida zimetuokoa kweli, kwa sababu wazee wa Kiorma walikuwa wazito kuhusu wasichana kucheza mbele ya wanaume, na walikuwa na haki ya kuuliza, ni mabinti zao. Tukakubaliana kwa mpangilio: tunafungua na kasida, wasichana wanaimba wamekaa, halafu wimbo wa ng'ombe, halafu mwaribe, na asiyetaka kutazama mwaribe anaenda kunywa chai. Mpaka sasa wanaoenda chai ni wachache na wanasikiliza kutoka kule kule.

Jambo lingine ambalo vijana wengi kikundini hawakulijua kabisa: muziki wa wimbo wetu wa taifa umetokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Mzee Meza Galana ndiye aliyeupeleka, na kamati iliyotengeneza wimbo wa taifa 1963 wakaufanyia kazi, wakina Graham Hyslop na George Senoga-Zake. Nilipoleta stori hii mazoezini bibi mmoja alikuwa amekaa pembeni anamngoja mjukuu, akaanza kuuimba vile unavyoimbwa kwa mtoto, polepole, na yule kijana wetu wa nyimbo za ng'ombe akasema yaani mimi kila Jumatatu shuleni nilikuwa nasimama wima nabembelezwa na Mpokomo. Tulicheka mpaka mazoezi yakaharibika. Sasa ndio tunaanzia hapo kila kijiji, kabla hata ya kasida, bibi anaimba, watu wanashtuka kwanza wengine wanataka kusimama, ndio tunawaambia kaeni kaeni.

MWEZI WA SABA, MCHEZO

Muziki unaleta watu na kuwakalisha, lakini kazi yenyewe iko kwenye mchezo. Tunatumia ule mtindo wa kuigiza mpaka kwenye tatizo halafu unasimama, anatoka mtu kwenye watazamaji anachukua nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia yake. Uliasisiwa na Mbrazili Augusto Boal miaka ya 70 na vikundi vingi vya Kenya vimeshautumia, sisi hatujagundua chochote. Hata kule Kamiriithu, Limuru, 1977, kwenye mchezo wa kina Ngũgĩ wa Thiong'o, wanakijiji walikuwa wanafika mazoezini wanasahihisha waigizaji, mpaka serikali ikapiga marufuku.

Mchezo wetu ni mfupi. Ng'ombe wameingia shamba la mpunga usiku. Mkulima anaamka, anamkata ng'ombe mmoja panga la mguu. Kijana mchungaji anakimbia. Mkulima anapiga simu anasema "wamekuja", hasemi ng'ombe, anasema wamekuja tu, na upande wa pili mchungaji naye anapiga simu anasema "wanatukata". Simu zinapokelewa. Hapo tunasimamisha.

Hizo simu mbili tulizibishania sana. Wengine walitaka tuweke panga na moto na kilio, nikasema hapana, watu wa hapa moto wameuona, hawahitaji wa karatasi, na mtu akianza kulia pale hatuna daktari wa kumshika mkono. Tukakubaliana pia hatutaji kijiji chochote na hatutaji 2012, na majina ya wahusika ni ya kuchekesha ili asipatikane mtu wa kusema huyo ni babangu.

MWEZI WA NANE, SHOO

Tulichagua mwezi wa nane makusudi. Kiangazi kinaanza kukaza, ng'ombe wameanza kuonekana, lakini bado watu hawajakasirikiana. Ukingoja mpaka wakasirike hakuna atakayekuja kutazama ngoma yako.

Kijiji cha kwanza ni cha wakulima, siandiki jina. Spika moja, betri ya pikipiki, maiki inayokwaruza, watu wakajaa. Tuliposimamisha mchezo mwezeshaji wetu akauliza nani angefanya tofauti, kimya, kimya kirefu, halafu mama mmoja akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwigizaji mkulima akamnyang'anya simu, akaiweka ndani ya leso, akamwambia sasa lala. Watu wakapiga vigelegele. Mwezeshaji akamwuliza na mpunga ulioliwa je mama? Akasema mpunga tutaongea asubuhi na mchana, usiku hakuna maongezi. Halafu mzee akasimama kupinga, akasema asubuhi na mchana ulishaongea mara ngapi ukalipwa? Na hapo ndipo palipo patamu, kwa sababu wakaanza kubishana kuhusu fidia kweli kweli, nani anakadiria hasara, chifu anachukua muda gani, na sisi waigizaji tumesimama tu tunatazama.

Kijiji cha pili ni cha wafugaji na huko yaliyotokea sikuyatarajia. Aliyetoka ni kijana mdogo, akachukua nafasi ya mchungaji, na badala ya kukimbia akageukia watazamaji akauliza, haya niambieni nyinyi wazee, malka ya zamani imelimwa, mimi nipite wapi? Hakuna aliyecheka. Wazee wakaanza kuchora kwa fimbo mchangani, njia ilikuwa hapa, hapana ilikuwa pale kwenye mkoma, na ilikuwa pana kiasi cha makundi mawili kupishana. Mwenzetu Mpokomo aliyekuwa anacheza mkulima akaingia akasema mimi shamba letu liko hapo hapo, na nilizaliwa nikalikuta limelimwa, sijawahi kuambiwa ilikuwa njia. Wakamwonyesha. Hakukubali, lakini aliangalia ule mchoro muda mrefu na akauliza maswali, na mzee mmoja akamjibu kwa adabu kama anavyojibiwa mtu mzima.

Baada ya pale vijana kikundini walitaka tuanze kufuatilia hiyo malka, tuandike barua na kadhalika. Nimewazuia. Mambo ya malka yana wenyewe, Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa, Waorma wana lao, Matadeda, wale wazee ndio wanakaa na kukata shauri na watu wanawasikiliza. Sisi tukijifanya wapatanishi siku moja tutaonekana tumeegemea upande na hata ngoma hatutapiga tena. Tulichofanya ni kuwaalika wazee wawili wa kila upande kwenye shoo inayofuata, wakae mbele, waone wenyewe watu wanauliza nini. Watatu wamekubali. Wa nne anasema atakuja kama kutakuwa na kiti chenye mgongo, nimeshakitafuta.

SASA HIVI

Yule anayecheza mkulima amepata kazi Mombasa, ameondoka, na aliyejitolea kuchukua nafasi yake ni yule yule Muorma wa nyimbo za ng'ombe. Mazoezi yamekuwa kichekesho, jembe analishika kama fimbo, na dada zetu wa Kipokomo wamemshikia kazi jioni nzima, inama hivi, si hivo, palizi si kufukuza nyoka. Lakini ile sehemu ya kuamka na kukuta shamba limeliwa anaifanya vizuri kuliko aliyetoka, sijui ameitoa wapi, na sijamuuliza.

Ngoma kubwa imelegea, itawambwa upya kabla ya shoo ya ng'ambo ya mto, huko tunavuka kwa mtumbwi na spika tutaifunga kwenye nailoni. Ni Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Betri ya pikipiki haitoshi, ilizima katikati ya kasida, kwa hivo mwenye betri ya 12V isiyotumika aniambie, hata kama imechoka kidogo nitaifufua mwenyewe.