Kombe la jiwe uliloliokota utotoni

Kombe hilo, yaani gamba la kiumbe wa majini linaloonekana kugeuka jiwe (kisukuku), lisafishe kwa mswaki laini na maji matupu. Siki usioshee: inakula chokaa na kufuta mistari midogo ambayo ndiyo utambulisho wenyewe. Tone moja tu la siki kwa kulijaribu, pale palipovunjika. Likitoa povu ni chokaa, ila hata kombe la juzi hutoa povu, kwa hiyo hilo halithibitishi ukale. Kutafuta dalili za ukale, pima uzito mkononi: la kale mara nyingi huwa zito. Angalia kama tumbo limejaa jiwe.

Lishike bawaba, pale vipande viwili vya kombe vinapoungana, ikiwa juu. Kushoto na kulia pakifanana kabisa, huenda ni brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili ambaye si wa jamii ya chaza. Makombe mengi ya kawaida huegemea upande mmoja.

Na liliokotwa wapi? Miamba ya makaa ya mawe ya Kiwira, upande wa Mbeya, iliwekwa na mito na maziwa, si bahari. Kombe la bahari lililo Mbeya yawezekana lilibebwa kutoka pwani, tuseme Lindi.