Shaba haigomi bure: nilivyokunja koili ya mchaichai

Kila niliyemuuliza hapa Mwanga, Kigoma, alinipa onyo lilelile: shaba ikitoka motoni usithubutu kuitia maji, itakakamaa. Wanaichanganya na panga! Chuma cha panga kina kaboni, ndiyo maana maji hukigeuza kigumu. Shaba haina habari hiyo.

Nilitaka koili, yaani bomba lililozungushwa, ya kupozea mvuke, dada apate mafuta ya mchaichai ya kunukisha sabuni yake ya mawese. Bomba la friji bovu nilipata kwa bei ya chuma chakavu. Fundi niliyempa aliogopa moto, akalikunja baridi. Mzunguko wa kwanza ulikubali, wa pili ukaanza kugoma, wa tatu likabonyea, likapasuka.

Kwa nini ilikubali kwanza, kisha ikagoma? Chukua bonge la chumvi ya Uvinza uligonge nyundo: linasambaratika, kwa sababu tabaka zikisogea, ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) zenye chaji sawa zinakutana na kusukumana. Shaba haisambaratiki. Atomu zake zimeachia elektroni za nje, zinazunguka huru kati ya ayoni zote na kuzishika pamoja, hivyo tabaka zinateleza bila kuachana. Elektroni hizohizo ndizo zinazopitisha umeme, na zinazobeba joto la mvuke upesi hadi kwenye maji ya kupozea. Lakini ukikunja sana, kasoro za ndani ya fuwele, yaani safu za atomu zilizojipanga, zinasongamana na kuzuiana, mtelezo unakwama. Hapo ndipo shaba inapogoma. Dawa yake ni moto: atomu zinapata nguvu ya kujipanga upya.

Bomba la pili nilikunja mwenyewe, kivulini, maana juani huuoni wekundu. Nikapuliza mkaa mpaka likawa jekundu hafifu, mbali kabisa na 1,085°C inapoyeyuka, nikalizamisha kwenye ndoo. Chwaa! Magamba meusi yakabanduka. Kabla ya moto ukiligonga lilikuwa linalia. Sasa likatoa mlio mfu, likajipinda kwa uzito wake.

Kuzuia lisibonyee nilijaza mchanga wa Kibirizi, laini, nilioukaanga hadi ukakauka kabisa, nikaziba ncha kwa vizibo vya mti. Usipuuze hilo: maji yakibaki ndani ukarudisha bomba motoni, mvuke utalirusha. Nilipofika katikati likaanza ukaidi, nikatoa vizibo, nikalipasha tena, nikamalizia kulizungusha kwenye kipande cha bomba la maji.

Mizunguko yote imetoka mizima, na gharama kubwa ilikuwa mkaa. Yule fundi ameshakuja kuuliza mchanga unakaangwa muda gani.